Mrejesho: Gego la binti yangu lililohamishwa

Wakuu, salaam. Miezi sita iliyopita niliuliza kama kweli jino la mtu mwenyewe linaweza kung'olewa likapandikizwa kwenye pengo lake lingine. Gego la chini la binti yangu wa miaka 17 lilikuwa limeoza, halizibiki tena. Asanteni sana mlionisisitiza nitafute daktari wa pili.

Eksirei ilionyesha gego lake la mwisho bado linaota, mizizi imefika kama theluthi mbili. Daktari alifurahi, maana mzizi ambao ncha yake haijafunga unaweza kupata mishipa mipya ya damu, jino likabaki hai. Mzizi ukiwa umeshakomaa kabla ya kuhamishwa, kwa kawaida lazima utibiwe baadaye.

Niliruhusiwa kukaa chumbani. Bovu lilitoka kwanza, shimo likatengenezwa, ndipo likang'olewa lile zima. Alilishika kichwani tu, mzizi hakuugusa kabisa: ule utando mwembamba unaoufunika ndio unaolishikisha jino na mfupa, na ukikauka au kuchubuka kazi imeharibika. Dakika chache tu, likawa limekaa mahali pake, limefungwa kwa uzi uliopita juu yake. Aliliacha chini kidogo ya wenzake lisigongwe.

Akaishi kwa uji na ndizi za kuponda wiki mbili, uzi ukatolewa.

Sasa halichezi, fizi imelishika, na eksirei ya juzi inaonyesha mzizi umerefuka. Jana jioni alikuwa anatafuna mahindi ya kuchoma kwa upande uleule. Nilikaa kimya nikimsikiliza.