Kwa nini Wareno hawakupanda hadi Ugogo?

Mwalimu wa Kongwa
Salaam ndugu zangu. Ninafundisha Historia katika sekondari moja hapa Kongwa, na mwanafunzi ameniuliza swali ambalo naona linastahili kujadiliwa na wengi. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na Wareno hawakung'olewa Mombasa hadi mwaka 1698. Katika karne mbili hizo, mbona hawakupanda bara hadi kwetu? Jibu lililozoeleka ni magonjwa na wanyama wakali, lakini haliniridhishi, kwa sababu wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walikutana na hayohayo mwaka 1857 na bado walivuka Ugogo. Naomba mwenye maelezo ya kina atusaidie.

Msomaji wa Bahari
Mwalimu, umefanya vyema kulitilia shaka jibu hilo. Si kweli kwamba Wareno hawakuingia bara la Afrika Mashariki. Waliingia pale walipoitafuta dhahabu. Mwaka 1505 waliipiga Kilwa na kujenga ngome Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, kwa kuwa dhahabu ya nchi ya Mutapa, upande wa Zimbabwe ya leo, ilikuwa ikishukia huko. Baadaye walipanda Mto Zambezi na kuweka vituo Sena na Tete. Francisco Barreto alipeleka jeshi katika bonde hilo miaka ya 1570, akidhamiria kuiteka migodi. Askari wake wengi walikufa kwa homa, naye mwenyewe akafia Sena mwaka 1573. Homa iliwaua, lakini haikuwazuia kujaribu, kwa maana tamaa ya dhahabu ilikuwa kubwa kuliko hofu ya kufa.

Huku kwetu hapakuwa na dhahabu waliyoisikia. Kilwa yenyewe, iliyokuwa mji tajiri, waliiacha mwaka 1512. Ureno ilikuwa nchi ndogo yenye watu wachache, na macho yake yalikuwa Goa, huko India, na biashara ya viungo. Pwani yetu kwao ilikuwa mahali pa kupata maji, chakula na ushuru, na pa kungojea pepo za kuwavusha kwenda India.

Mjukuu wa Mpwapwa
Nakubaliana na ndugu aliyetangulia, ila naomba niongeze upande wa wenyeji, ambao mara nyingi tunausahau. Burton na Speke hawakufungua njia yoyote. Walifuata njia ya misafara ya pembe za ndovu iliyokwisha kukanyagwa na wapagazi wa Kinyamwezi na wafanyabiashara wa pwani, nao walifika Ujiji Februari 1858 wakiwa hoi, Burton hawezi kutembea na Speke haoni vizuri. Wareno hawakuwa na njia ya namna hiyo ya kufuata.

Na njia hiyo ilikuwa na wenyewe. Ukitoka Mpwapwa kuelekea magharibi unakutana na Marenga Mkali, nyika isiyo na maji ya kunywa. Msafara ulijaza vibuyu, ukaondoka mchana kwa mwendo wa terekeza, ukalala njiani bila maji, kisha ukaamka alfajiri kumalizia. Wakifika Ugogo wana kiu na njaa, visima na nafaka vyote vimo mikononi mwa watemi. Hapo ndipo hongo, yaani malipo ya kuruhusiwa kupita, ilipolipwa, kwa vitambaa vya merikani na kaniki, ushanga na waya, na majadiliano yaliweza kuchukua siku kadhaa kabla ya ruhusa kutolewa. Wasafiri wa Kizungu waliita jambo hili unyang'anyi. Mimi naona ni ushuru wa nchi yenye maji machache, na sioni tofauti kati yake na ushuru ambao Wareno waliwatoza wenye majahazi Mombasa.

Mwalimu wa Kongwa
Nawashukuru sana wote. Nilikuwa ninalitazama swali hili kwa upande wa wageni tu. Je, hongo ilikoma lini?

Mjukuu wa Mpwapwa
Ilififia Wajerumani walipoleta bunduki kwa nia ya kukaa. Wissmann, kamanda wa majeshi yao, aliweka kituo cha kijeshi Mpwapwa mwaka 1889, na nguvu ya watemi juu ya njia ikaanza kuvunjwa. Reli kutoka Dar es Salaam ilipofika Dodoma mwaka 1910, misafara mikubwa ya wapagazi ilipoteza kazi yake. Waonyeshe wanafunzi ramani: toka Kilosa hadi Dodoma, reli haikupita Mpwapwa mjini bali Gulwe, kusini yake, na mji wa zamani wa misafara ukabaki pembeni.