Nimeagiza skeitibodi, nimeletewa buti za theluji. Hivi nyie wauzaji mnatuonaje sisi wa Mbeya?

Wakuu salaam. Mods, naomba huu uzi msiuhamishie jukwaa la michezo. Si uzi wa michezo, ni uzi wa hela yangu.

Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza makoti ya mtumba hapa Mwanjelwa. Nalisema hilo mapema makusudi, maana najua wapo watakaokuja kuniambia "mama umeingizwa mjini". Niingizwe mjini na nani? Huu mwaka wa kumi na moja nafungua mabelo. Nikishika zipu tu nakwambia koti lilitengenezwa kwa baridi gani. Na ndiyo maana nina hasira maradufu, kwa sababu nimepigwa na mtu anayeuza kitu asichokijua, kwenye bidhaa ambayo nusu yake mimi naijua kuliko yeye.

Iko hivi. Mwanangu wa pili ana miaka 12. Tangu Olimpiki ya Paris 2024 ameshikwa na haya mambo ya skeitibodi, ule ubao wa magurudumu manne unaosimama juu yake ukateleza. Aliona kwenye simu ya kaka yake kipande cha yule binti wa Australia, Arisa Trew, aliyechukua dhahabu akiwa na miaka 14, basi hapo nyumbani hakukukalika. Akajitengenezea kibao, ubao wa kreti umepigiliwa beringi chakavu chini, akawa anashuka nacho kule mtaa wa Forest. Kelele yake mtaa mzima unaamka. Nikamwambia soma, ukiingia kumi bora nakununulia cha kweli. Akawa wa nne. Ahadi ni deni, nikaingia mtandaoni.

Nikakutana na ukurasa mmoja wa Dar. Jina siliweki, lakini mwenyewe akisoma atajijua. Tangazo: SETI KAMILI YA BODI KWA WANAOANZA, MIAKA 8 MPAKA MTU MZIMA. Ubao, helmeti, kinga za magotini, na "viatu maalum vya bodi". Bei njoo inbox. Nikaenda inbox. Laki moja na sitini na tano. Nikauliza, ni imara? Akanijibu "OG kabisa dear". Nikauliza inafaa barabara za huku kwetu? "Popote dear." Kosa langu nalikubali hapa hapa, sikuuliza hata kipimo kimoja. Mimi ninayewapimia watu mabega kwa futi kila siku ya Mungu!

Mzigo ukaja na basi, nikaufuata stendi ya Nane Nane, nauli ya mzigo elfu nane juu yangu. Nikaufungulia pale pale sokoni, wenzangu wamenizunguka.

Cha kwanza kutoka ni buti. Wakuu, nilicheka kwanza, hasira zilikuja baadaye. Buti kubwa nzito namba 43, ndani yake kuna kiatu kingine laini cha kuchomoa, kamba zimepita kila upande, soli nene kama tofali. Mtoto anavaa 37. Na kwenye ulimi wa kiatu imeandikwa wazi kabisa, kwa herufi kubwa, kwamba ni za snoubodi, ule ubao usio na magurudumu wa kutelezea kwenye theluji. Za theluji! Mimi vitu vya theluji vinapita mikononi mwangu kila wiki. Yale makoti yenye kimfuko kidogo kwenye mkono wa kushoto na kisketi cha lastiki kwa ndani kiunoni, wale wanaopanda Makete na Kitulo wanagombania, ni makoti ya watu wa theluji. Kile kimfuko ni cha kuweka tiketi ya kupandishwa mlimani, na kile kisketi ni cha kuzuia theluji isiingie ukianguka. Huku bodaboda wanakitumia kuzuia upepo, na wanakisifia sana.

Nikampigia. Unajua alinijibuje? "Boss, bodi ni bodi."

Haya. Basi na koti ni koti. Njoo nikuuzie koti la maabara uende nalo Kitulo mwezi wa saba, jalidi ikiunguza viazi shambani, halafu unipigie uniambie umelionaje.

Kuna kijana wa chuo jirani yetu anacheza huu mchezo miaka mingi, alianzia Nairobi. Nikamwita aje aone. Akanieleza kitu ambacho hata mtoto wa darasa la tatu angeelewa. Kwenye snoubodi miguu yote miwili inafungwa kwenye ubao, kwa hiyo buti lazima likaze mguu na kifundo na litunze joto. Kwenye skeitibodi miguu iko huru, unasukuma kwa mguu mmoja, unausikia ubao kwa unyayo. Kiatu chake ni cha soli bapa ya raba, nyembamba kiasi, na mbele kikiwa cha swedi, ile ngozi ya vinyweleo laini, ni bora, kwa sababu juu ya ubao kuna karatasi kama msasa na kiatu cha kitambaa cha turubai kinaisha wiki mbili. Sasa sikilizeni uchungu wangu: viatu hivyo vipo Mwanjelwa! Vans, DC, mimi mwenyewe vimeshanitokea kwenye belo la mchanganyiko nikaviuza elfu ishirini na tano. Nimelipia Dar kitu nilichokuwa nimekikalia.

Helmeti nayo ni hadithi nyingine. Ina masikio ya manyoya na kishikizo nyuma cha kuzuia mkanda wa miwani. Mtoto kaivaa saa saba mchana, dakika kumi jasho linamtiririka kama yuko jikoni kwenye msiba. Kijana akageuza akanionyesha kibandiko cha ndani: EN 1077. Hiyo ni namba ya Ulaya ya helmeti za watu wa theluji. Ya baiskeli na skeitibodi ni EN 1078. Nikamwandikia muuzaji, akanijibu "tofauti namba moja tu dear".

Namba moja tu? Ukinitumia hela ukakosea namba moja tu inamwendea nani?

Na tena ilikuwa na mkwaruzo upande, imeshaanguka na mtu. Ile povu ngumu ya ndani ikishapigwa pigo kubwa mara moja imeshafanya kazi yake, hata kama kwa nje inang'aa. Ndiyo maana mimi nauza mtumba lakini kitu cha kuzuia kichwa mtumba siuzi.

Sasa ubao wenyewe. Hapa ndipo nilipokasirika kweli, maana buti zinachekesha lakini ubao ulimwangusha mwanangu.

Wa kweli una urefu wa inchi 31 au 32, umeunganishwa kwa tabaka saba za mbao, mara nyingi mti wa mepo. Upana unategemea mtu: mtoto wa umri wake inchi 7.5 mpaka 7.75, mtu mzima 8 na kuendelea. Kwa hiyo ile "miaka 8 mpaka mtu mzima" ni uongo kabla hata hujafungua boksi. Huu wangu nimeupima kwa futi yangu ya kushonea: inchi 28. Na zile chuma mbili za chini zinazoshika magurudumu, wenyewe wanaziita traki, zinatakiwa ziwe chuma kweli, kwa kawaida alumini. Zangu zilikuwa plastiki imepakwa rangi ya fedha. Ukikwaruza kwa kucha rangi inatoka.

Siku ya tatu, traki ya mbele ikakatika pale kwenye tundu la bolti kuu. Mtoto akaruka mbele, akatua kwa kiganja. Mkono ukavimba hapo hapo. Hospitali, picha, ashukuriwe Mungu mfupa mzima, bandeji wiki mbili. Na kwenye hiyo "seti kamili" kulikuwa na vya magotini, vya viganjani hakuna. Kijana wa chuo anasema anayeanza anaangukia mikono kuliko kitu kingine chochote. Wanaoangukia magoti ni watu waliokwisha kuzoea, wanapiga goti na kuteleza.

Nikapeleka mabaki kwa fundi baiskeli wa Kabwe. Mzee wa watu hajawahi kuona skeitibodi maishani mwake. Akashika gurudumu, akalizungusha kwa kidole. Likazunguka mara mbili likasimama. Akaniangalia. Akachukua spana namba 13, akafungua, akachomoa beringi, akaipulizia vumbi, akaisogeza karibu na jicho. "Mama, hii ni 608. Milimita nane ndani, ishirini na mbili nje, unene saba. Ziko hata kwenye grinda." Akaingia kwenye kopo lake la mafuta machafu akatoa nyingine kama hiyo, kuukuu, akaipachika. Gurudumu likazunguka mpaka nikachoka kulisubiri. Kwenye boksi langu kumeandikwa ABEC 7 kwa herufi za dhahabu! ABEC ni daraja la usahihi wa vipimo vya beringi, wala haikwambii itastahimili vumbi na mitikisiko ya njia zetu kiasi gani. Na mtu aliyeweza kupaka plastiki rangi ya chuma atashindwaje kuchapa neno ABEC?

Gurudumu lenyewe nalo plastiki kavu. Linatakiwa liwe yurithini, plastiki inayonyumbuka kama raba, na ugumu wake unaandikwa ubavuni: 99A ni gumu, la sakafu laini na viwanja vya mchezo wenyewe, 78A ni laini, linameza kokoto. Lami zetu za mitaani ni zile za kokoto za kumwaga, si zile laini za picha za mtandaoni. Kijana anasema kwa huku mtoto anayejifunza kwenda tu apate laini na kubwa, milimita 58 au 60, na kibao kidogo cha raba juu ya traki ili gurudumu lisiguse ubao akikata kona. Akishataka kuruka, ahamie milimita 52 au 53 ngumu, atafute uwanja wa basketi. Mimi niliambiwa "popote dear".

Nimeshaona humu watu wakisema "mtoto anaanza, mnunulie cha bei rahisi kwanza uone kama atapenda". Hili ndilo linalonikera kuliko yote, na wauzaji wanalijua ndiyo maana wanaandika "kwa wanaoanza". Aliyezoea ukimpa ubao mbovu anaujua kabla hajapanda, anaushusha. Anayeanza anadhani tatizo ni yeye. Mwanangu siku mbili zile ananiambia "mama mimi sijui, mwili wangu mzito". Mwili mzito wapi, kilo thelathini na tano! Gurudumu halizunguki! Bora kile kibao chake cha kreti, kelele zote zile lakini kilikuwa kinakwenda.

Kwa hiyo ukitaka kumnunulia mtoto, usitume hata mia mpaka mtu akupigie picha ya traki kwa chini, upana wa ubao ukiwa na futi juu yake, na ule ubavu wa gurudumu wenye namba. Akisema "dear" badala ya kutaja namba, kimbia. Au nunua vipande kimoja kimoja, traki na ubao vilingane upana, ukampe fundi yeyote mwenye spana afunge. Ni kazi isiyofika hata dakika ishirini.

Risiti yake imeandikwa mali ikishauzwa hairudishwi. Sawa, hata mimi sokoni nasema hivyo. Lakini mimi koti umelivaa, umejitazama kwenye kioo, umelivua, umelivaa tena, tumebishana bei. Wewe umeniandikia kitu kimoja ukaniletea kingine. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja, na mimi kwenda kuuliza inavyofanya kazi sioni aibu, nguvu ninayo na nauli ninayo.

Nimemwandikia mara sita. Jana kanibloku. Ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa.

MREJESHO, saa kumi na mbili jioni: Wanaouliza picha, nimewapa inbox mnaojulikana, hapa siweki kwa sababu mkono wa mtoto unaonekana. Mdau aliyesema nimtaje muuzaji kwa jina, hapana. Aliyesema skeitibodi ni uhuni wa Kizungu, kule Kitintale, Kampala, vijana walijijengea uwanja wao wa zege tangu 2006, nenda kawaambie.

Halafu lingine. Zile buti nilizitundika kibandani kwangu tu, kuwaonyesha watu ujinga. Saa nane akapita kijana wa bodaboda anayepakia viazi kutoka Kitulo, akazijaribu, zikamkaa kama alipimwa. Akasema hajawahi kusikia miguu yake ina joto hivi tangu aanze kazi. Kanipa elfu arobaini bila kubishana.

Basi wewe wa Dar, sikiliza hesabu: laki moja na sitini na tano, jumlisha elfu nane ya basi, toa elfu arobaini ya buti. Nakudai laki moja na thelathini na tatu, si shilingi zaidi. Ya hospitali nimekuachia. Namba yangu ya simu unayo, kaitoe kwenye bloku.