Mjadala: Je, ni halali kumcheleweshea mtoto kitu anachokipenda ili ajifunze kukiomba?

Mama Baraka, Igoma
Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili bila jazba. Mwanangu ana miaka sita, ana usonji, na hajaanza kusema. Mwalimu wake wa kitengo cha mahitaji maalumu ameniomba nisimpe ubuyu nyumbani asubuhi, kwa sababu anautumia ubuyu huohuo kumfundisha kuomba, na mtoto akifika darasani akiwa ameshaukinai haoni sababu ya kuomba chochote. Anasema jambo hilo lina jina lake katika uchanganuzi tumizi wa tabia, yaani taaluma ya kubadili tabia kwa kubadili mazingira yake, nalo ni "operesheni za motisha". Je, ni halali kumnyima mtoto kwa makusudi ili afundishike? Nauliza pia kwa kuwa kila asubuhi humpa soda nusu chupa ili atulie ndani ya daladala, na sasa sijui kama nayo imekatazwa.

Mzee wa Mwaloni
Habari za ubuyu nawaachia wasomi. Mimi nimeshtushwa na soda. Mtoto anakunywa soda saa 12 asubuhi, halafu tunatafuta istilahi ya kueleza kwa nini hafundishiki? Sisi tuliokuzwa kwa uji na michembe hatukuhitaji operesheni yoyote, labda ya henia.

Mama Baraka
Shikamoo Mzee. Karibu siku moja upande nasi daladala ya saa 12, redio ikiwa imefunguliwa mpaka mwisho, konda akigonga bati, mtoto akijipiga kichwa kwenye kioo, na abiria wote wakikutazama kana kwamba umemwiba. Ukifika Buzuruga bila kununua soda, nitakuja mwenyewe huko kwako Mwaloni, Kirumba, kukuomba radhi.

Baba Neema, Nyegezi
Tuache soda. Kinachoniuma mimi ni huko kunyima. Nadharia hii, kama sikosei, ilianzia kwa yule mwanasaikolojia Skinner na mbwa wake waliokuwa wakidondokwa na mate kila kengele ilipolia. Watoto wetu si mbwa, na mzazi anayekubali mwanawe afundishwe kwa njaa ajiulize mara mbili.

Mwalimu wa Kitengo, Ilemela
Mbwa walikuwa wa Pavlov, Mrusi. Skinner alitumia panya na njiwa. Wazo lenyewe la operesheni za motisha liliguswa na wanasaikolojia Keller na Schoenfeld mwaka 1950, kisha Jack Michael akalifafanua vizuri kuanzia mwaka 1982, na jina hili linalotusumbua leo likapendekezwa mwaka 2003 na Laraway na wenzake, Michael akiwamo.

Naomba nilieleze kwa kayabo, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi, kwa kuwa sote tunaijua. Ukila kayabo mchana bila kuiloweka vya kutosha, mambo mawili hutokea. Kwanza, maji ambayo asubuhi hukuyajali yanapata thamani kubwa. Pili, mambo yote ambayo huko nyuma yaliwahi kukupatia maji, kama vile kumwita mtoto, kufungua mtungi au kwenda dukani, yanaanza kujitokeza yenyewe. Ukishakunywa vikombe vitatu, yote mawili yanageuka: maji yanakosa thamani na wewe unaacha kuyatafuta. Hali ya kwanza huamsha hamu, ya pili huizima, na zote mbili ni operesheni za motisha. Duka kuwa wazi ni jambo jingine kabisa. Duka lililo wazi linakuarifu kwamba maji yanapatikana, bali kayabo ndiyo inayokufanya uyatake. Walimu wengi, nami nilikuwa mmoja wao, huyachanganya haya mawili: tunamwonyesha mtoto kopo la ubuyu na kushangaa kwa nini haombi, kumbe kopo liko wazi lakini hamu haipo.

Baba Neema
Nashukuru kwa kusahihishwa kuhusu mbwa, ingawa panya hawajanifariji. Panya hao na njiwa katika maabara nyingi walipunguziwa chakula mpaka wakabaki na takriban asilimia 80 ya uzito wao wa kawaida, ndipo wakafanya kazi waliyotakiwa. Tena Lovaas, aliyewafundisha watoto wenye usonji kule Los Angeles, alifikia hata kutumia umeme katika miaka ya 1960. Wako watu wazima wenye usonji, Marekani na Uingereza, waliopitia mafunzo ya aina hii utotoni na sasa wanaandika kwamba yaliwaumiza. Mwalimu anatuletea kayabo ili tusahau njaa.

Binti wa Ukerewe
Mimi naona ugomvi wenyewe unatokana na tafsiri. Kwa Kiswahili cha kazini, motisha ni kile unachoahidiwa ili ufanye kazi kwa bidii, kama posho au cheti. Anachokieleza Mwalimu si ahadi hata kidogo, ni hali inayobadilisha hamu kabla ya ahadi yoyote kutolewa. Ningependekeza tuseme "vibadili hamu", na nina hakika nusu ya hasira za Baba Neema zingepungua.

Mzee wa Mwaloni
Tukianza habari za motisha za walimu tutakesha hapa.

Mwalimu wa Kitengo
Mzee, hiyo imenigusa, lakini nitaimeza. Baba Neema, uliyosema kuhusu umeme na maabara siyakanushi, na wanaolalamika wasikilizwe. Nisichokubali ni kusema kwamba mtoto wa Mama Baraka amewekwa njaa. Mtoto anakunywa chai, anakula maandazi yake, anapewa maji kila anapotaka. Kilichohamishwa ni ubuyu, tena kutoka saa 1 hadi saa 3. Siku ya kwanza nilikishika kifuniko cha kopo, naye akakigonga kwa vidole viwili ambavyo tayari vilikuwa vyekundu, akanitazama usoni, akatoa sauti ya "bu". Nikafungua papo hapo. Kama angelia, ningefungua vilevile na kuahirisha somo, kwa sababu sitaki ajifunze kwamba kopo hufunguliwa kwa mateso.

Tena mnasahau kwamba chombo hiki hukata pande zote mbili. Nilikuwa na binti aliyekuwa akipiga mayowe kila mama yake alipokuwa akihudumia wateja gengeni, na kwa kila yowe mama aliacha nyanya akamkimbilia. Hatukumnyima kitu. Tulimshauri mama amfuate kila baada ya dakika chache, amshike bega, amwambie neno moja, hata kama mtoto amekaa kimya. Mayowe yalipungua sana, kwa maana umakini wa mama haukuwa tena kitu adimu cha kugombewa.

Baba Neema
Habari ya gengeni naikubali. Basi anza na hiyo, Mwalimu, na uache kopo. Na nani amekupa mamlaka ya kuamua kipi ni chakula na kipi ni cha starehe?

Mwalimu wa Kitengo
Mzazi. Ndiyo maana nilimwomba mama yake, sikumwagiza.

Kuhusu soda, sikuikataza. Ila ndani ya daladala kuna kibadili hamu kingine, nacho ni kelele. Redio na bati vinamfanya mtoto athamini kutoka humo kuliko kitu chochote, na kujipiga kioo ni njia yake ya kudai kutoka. Soda inamtuliza leo, lakini ikija kila mara baada ya kujipiga, inaweza kumfundisha kujipiga. Nawe Mama Baraka umo katika mtego huohuo: kelele zake zinakufanya uuthamini ukimya, soda inaleta ukimya, na kesho unanunua tena. Jaribu gari la mapema lisilojaa, kiti cha mbele mbali na mlango wa konda, na kitambaa cha kuziba masikio. Soda ikibaki, apewe kabla hajaanza kulia.

Mama Baraka
Nimekusoma, Mwalimu, na hapo pa mtego pameniingia. Ubuyu nitauacha hadi saa 3, ila siku akiamka na homa nitampa na sitaomba ruhusa. Kesho tunapanda gari la saa 11:30 alfajiri. Soda itakuwa mkobani, siahidi kitu.

Mzee wa Mwaloni
Nitakuwa Igoma kituoni kabla ya muda huo. Uji nitaubeba mimi, na konda niachieni.