Maji ya masika yanapasua shamba la mama. Niyaelekeze wapi?

Binti wa Mteremkoni (Lushoto), Jumapili 21 Aprili 2024

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za mvua.

Niko Lushoto, juu kidogo ya Soni. Shamba ni la mama, ekari moja na robo hivi, na limeinama kama paa la nyumba. Juu kabisa kuna njia ya watu na pikipiki, chini yake migomba na kahawa za marehemu baba, kisha mahindi yaliyochanganywa na maharage, na mwisho kipande cha bondeni ambacho kiangazi tunalima kabichi na karoti. Nilirudi kwa mama Agosti mwaka jana baada ya kumzika baba. Miaka yote nilikuwa nikija Pasaka, nakula maharage mabichi na kuondoka. Haya ndiyo masika yangu ya kwanza nikiwa mimi ndiye mwenye jembe.

Mvua ya El Niño ilianza Oktoba na haijatupumzisha. Hata Januari jua la kuanika mahindi tulikuwa tunalivizia. TMA, wale wa hali ya hewa, walitangaza mapema kwamba masika yatakuwa ya wastani hadi juu ya wastani, na tulisikia. Lakini kusikia redioni si sawa na kusimama shambani saa tisa usiku na tochi.

Jumatano usiku maji yaliingia kutoka njiani. Ile njia imekuwa mfereji: pikipiki zimeichimba katikati, kingo zimepanda, maji hayana pa kutokea hadi yafike kwenye kona yetu, hapo ndipo yanaruka. Yamekata mtaro katikati ya mahindi, kina cha goti, mahali pengine cha paja. Migomba minne imelala. Udongo mweusi, ule baba aliokuwa akiulisha samadi kila mwaka, umeshuka wote bondeni, na bondeni maji yamesimama leo siku ya nne.

Maharage ni Lyamungu 90. Nilipanda tarehe 16 Machi kilo kumi na mbili, mbegu ambayo baba mwenyewe aliihifadhi kwa majivu. Theluthi ya chini imegeuka manjano, majani ya chini yakitangulia.

Linaloniumiza zaidi ni mama. Tangu yale ya Katesh, Desemba, tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuzika watu, halali mvua ikipiga bati. Anakaa kitandani amevaa viatu. Anataka tuchimbe mfereji mnyoofu, kutoka kona ya njia moja kwa moja hadi chini, maji yapite yaende zake. Lakini hiyo njia ya maji inapita kwa bibi jirani yetu wa chini, anayeishi na wajukuu watatu, na choo chake hakifiki hatua thelathini kutoka mpaka wetu. Nilipomwambia mama hivyo alinyamaza, kisha akasema, "Baba yako angejua la kufanya." Mimi sijui.

Naomba mnisaidie. Maji niyapeleke wapi? Maharage haya ya manjano niyawekee urea au ning'oe nipande upya? Tena ng'ombe wetu mmoja wa maziwa ameanza kuchechemea mguu wa nyuma, banda limejaa tope, na maziwa yameshuka kutoka lita sita hadi tatu.

---

Mzee Kontua (Mlalo), 21 Aprili

Marahaba binti yangu. Pole kwa msiba na pole kwa mvua. Nimekuwa bwana shamba miaka mingi kwenye milima hii hii, sasa nimestaafu.

Mfereji mnyoofu usichimbe. Maji yakishuka wima hayapiti tu, yanachimba, na mwakani huo mfereji utakuwa korongo lenye kumeza ng'ombe.

Anza na njia, maana ugonjwa uko huko. Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji mkubaliane kuchimba michirizi ya kutoa maji pembeni, mingi, kila baada ya hatua kadhaa, ili maji yatoke kidogo kidogo kabla hayajakusanyika kwenye kona yako.

Kisha, juu ya migomba, chimba mfereji wa kukinga maji unaokatiza mteremko, uende kutokea kwenye korongo la asili lenye majani. Je, lipo upande wowote? Udongo utupe upande wa chini uwe ukingo. Hiyo ndiyo fanya chini. Fanya juu, ya kutupa udongo upande wa juu ili ngazi zijijenge ndani ya shamba, isubiri kiangazi.

Mstari usiukadirie kwa macho, mlimani macho hudanganya. Chukua miti miwili iunganishe kwa herufi A, miguu iwe mita mbili kutoka mmoja hadi mwingine, funga mti wa kukatiza katikati, ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Kamba ikigusa alama ya katikati, miguu iko sawa. Sasa chini ya mguu wa mbele funga kipande cha mbao cha unene wa sentimita moja. Kamba ikigusa alama, ujue umeshuka sentimita moja kwa mita mbili, yaani nusu mita kwa mita mia. Mteremko huo unatosha. Maji yatatembea, hayatakimbia.

Tena usijaribu kuyazuia yote yakae juu. Miaka ya 1950 wazee wetu huku Mlalo walilazimishwa na mkoloni kulima matuta, wakakataa, na wakaitwa wakaidi. Kazi ilikuwa nzito, na walikuwa na hofu zao kuhusu ardhi yao. Mimi ninalojua kwa kazi yangu ni kwamba mteremko mkali ukishiba maji unaweza kuteleza mzima. Ndiyo maana nasema ongoza maji, usiyafungie.

Ule mtaro uliokwisha kukatika uzibe kwa hatua. Migomba iliyoanguka ikate vipande, ilaze kukatiza mtaro, ishikize kwa vigingi. Itaoza, lakini kabla ya kuoza itakuwa imeshika udongo.

---

Wa Chini (Lukozi), 22 Aprili

Dada, mimi ndiye yule bibi. Maana yangu ni kwamba nakaa chini ya watu. Miaka minne iliyopita jirani wa juu alichimba mfereji kama anaoutaka mama yako, bila kutuambia neno. Usiku mmoja jiko letu lilikwenda, na mbuzi wawili. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anaokoa viazi vyake. Lakini mke wangu hadi leo akikutana naye njiani anaangalia pembeni, na watoto wetu waliokuwa wakienda shule pamoja hawaendi tena pamoja.

Kabla hujashika jembe nenda kwa bibi. Nenda na mama yako. Msiende kuomba ruhusa, nendeni mkatembee naye shambani mvua ikinyesha, awaonyeshe maji yanapita wapi. Anayekaa chini anayajua maji kuliko anayekaa juu.

---

Mama Njegere (Mgeta, Morogoro), 22 Aprili

Pole mdogo wangu. Huku Uluguru nasi tunalima ukutani, nakuelewa.

Urea usiweke. Mvua hii itaibeba yote bondeni, na tena tatizo si njaa, ni pumzi. Mizizi ikikaa ndani ya maji inakosa hewa. Ng'oa mche mmoja wa manjano na mmoja wa kijani, osha mizizi. Ikiwa myeupe na migumu, mmea utarudi maji yakipungua. Ikiwa ya kahawia na inachubuka kama ngozi ya kiazi kilichochemka, umeshakwenda. Pasua na vile vinundu vya mizizi kwa ukucha: vikiwa vyekundu ndani, vinafanya kazi.

Usiingie kwenye maharage majani yakiwa na maji. Utayatembeza magonjwa kwa gauni lako mwenyewe kutoka mche hadi mche. Na palizi ya siku ya mvua si palizi, magugu unayolaza yanashika tena kesho yake, labda uyabebe utoke nayo.

Kupanda tena, kwanza kamata udongo ufinyange. Tonge likisambaratika ukilibonyeza, panda. Likinyooka kama unga wa chapati, rudi nyumbani. Bondeni usihangaike na maharage kabisa mwaka huu. Panda magimbi, yale hayaogopi maji, na kabichi zako zisubiri mvua iishe.

---

Ng'ombe Mmoja (Marangu), 22 Aprili

Huo mguu mtazame leo, usisubiri. Osha kwato, angalia katikati ya vidole kama pana kidonda au harufu, kausha, umwite mtaalamu wa mifugo kwa dawa. Banda linyanyue upande mmoja kwa mawe na udongo, weka maranda au majani makavu, apate pa kulala pakavu. Majani mabichi ya mvua yanajaza tumbo maji, kwa hiyo yakate leo, yanyaushe chini ya paa, umpe kesho. Na chuchu zikaushe kwa kitambaa safi kabla ya kukamua, tope ndilo linaleta ugonjwa wa kiwele.

---

Binti wa Mteremkoni, 23 Aprili

Asanteni sana. Mzee, shikamoo tena. Korongo lipo, upande wa mashariki, ila kulifikia lazima nipite kwenye shamba la mtu mwingine, hatua kama ishirini.

Mama Njegere, nimeng'oa kama ulivyosema. Miche ya karibu na maji mizizi imechubuka yote, hiyo nimeikubali. Ya juu kidogo, ingawa nayo ni ya manjano, mizizi ni myeupe na vinundu vina wekundu. Niliviita vidonda maisha yangu yote, kumbe ndiyo afya. Nimefunga kamba nyekundu kwenye mpaka wa inayoishi na iliyokufa.

Kwa bibi tumekwenda leo asubuhi. Mama hakutaka, nikamwambia nitakwenda peke yangu, akachukua mwavuli. Bibi alituonyesha jiwe nyuma ya choo, akasema maji yakifika juu ya lile jiwe huwa anawaamsha wajukuu. Juzi yalilifunika. Mama alilitazama lile jiwe kwa muda mrefu. Tukiwa njiani kurudi hakuzungumzia tena mfereji mnyoofu.

---

Mzee Kontua, 23 Aprili

Hapo sasa mmeanza kazi. Kwa mwenye shamba la mashariki usiende mikono mitupu. Mwambie ukingo utakaopita kwake utaupanda majani ya Guatemala na atakata yeye kwa mifugo yake. Na mahali mfereji unapoingia korongoni panga mawe, maji yasije yakachimba hapo.

---

Binti wa Mteremkoni, Jumapili 12 Mei 2024

Nimechelewa kurudi, mtaniwia radhi.

Mwenye shamba la mashariki alikubali kwa Guatemala na machipukizi matano ya mgomba. Mwenyekiti aliita msaragambo wa njia, wakaja watu kumi na mmoja, tukachimba michirizi sita. Vijana wa pikipiki nao walikuja, sikutegemea. Mfereji wa juu tumechimba mita 38, mimi, mjomba na wajukuu wawili wakubwa wa bibi, kwa siku tano za kuvizia mvua. Ile A tuliifunga kwa kamba za mgomba. Mzee, ulisema kweli kuhusu macho: mahali nilipokuwa naapa panashuka, kamba ilionyesha panapanda.

Wiki ile redio ilipokuwa ikizungumzia Kimbunga Hidaya kule Mafia na Kilwa tulikuwa bado hatujafika korongoni, na niliogopa sana. Mvua kubwa ya kwanza baada ya kumaliza ilinyesha Alhamisi usiku. Maji yaliruka ukingo mahali pamoja tu, chini ya mparachichi, ambapo mzizi ulituzuia kuchimba vya kutosha. Lile jiwe la bibi halikufikiwa.

Maharage ya juu ya kamba nyekundu yamerudi kijani na yana maganda. Nadhani nitapata nusu ya nilichotarajia, na mbegu ya baba itabaki, nilikuwa naililia hiyo kuliko chakula. Bondeni tumepanda magimbi, bibi ndiye katupatia mbegu. Ng'ombe alichomwa sindano, anakanyaga vizuri, tuko lita tano.

Mama bado analala na viatu. Ila Alhamisi ile ile, mvua ikiwa kali, nilisikia mlango, nikamkuta amesimama juu ya mfereji na tochi, kanga imelowa yote. Nikamwambia turudi ndani. Akasema ngoja kwanza, akaendelea kuyamulika maji yakipita, hadi yalipoanza kupungua.

Kesho tunakata ule mzizi wa mparachichi. Mzee, nikiukata upande mmoja tu, mti utasimama?