Mafundi wa difu za malori, acheni kukisia! Wenye magari tunalipia ubishi wenu

Wakuu, hili la difu za nyuma (gia za ekseli zinazopeleka nguvu kwenye tairi) limezidi. Lori linaingia gereji likivuma, fundi anazungusha propela (shafti inayoleta nguvu kwenye difu) kwa mkono, anatikisa kichwa na kutoa hukumu: "Hii imekufa, tafuta nyingine." Au anakuja na ile ya pili: "Leta krauni tu, pinioni bado nzima" (krauni ni gia kubwa ya duara, pinioni ni ile ndogo inayoizungusha). Zote mbili zinatolewa kabla oili haijamwagwa na kabla hajapima chochote. Mwenye gari analipa, na mwezi haujaisha mvumo umerudi.

Tuanze na huyo wa krauni tu. Krauni na pinioni husagwa pamoja kiwandani hadi meno yakazoeana, ndiyo maana zote mbili zimechorwa namba moja. Krauni mpya juu ya pinioni iliyokwisha kula upande wake italia tangu siku ya kwanza, kisha itakatika meno kwenye mlima ikiwa na mzigo. Muuzaji anayevunja seti ili akuuzie kipande kimoja anakuibia, na fundi anayekubali kukifunga anamsaidia.

Halafu kros (viungo) za propela mbona hazikaguliwi kwanza? Mlio wa "ko" unapoachia klachi mara nyingi ni kros iliyokwisha, kazi ya saa moja. Kelele inayokuja kwenye kona tu inaelekeza kwenye spaida, zile gia ndogo za ndani zinazoruhusu tairi mbili kuzunguka kwa kasi tofauti. Mvumo unaokuja ukikanyaga mafuta unataka uangalie meno yanavyogusana, na ukija ukiachia mafuta, shuku beringi za pinioni zilizolegea.

Uamuzi wa kutengeneza au kubadilisha unatoka kwenye oili na kwenye vipimo. Unga laini wa kijivu kwenye sumaku ya bolti ya chini ni kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole si kawaida hata kidogo. Meno yakiwa safi na beringi ndizo zinazolia, tengeneza: badilisha beringi zote za pinioni na za pembeni, sili, na washa za spaida. Jino likiwa limekatika, nunua seti kamili ya krauni na pinioni, na beringi zote pia, hata zile zinazoonekana nzima, kwa sababu vipande vya chuma vimeshapita ndani yake. Hausingi (ganda la ekseli) ioshwe hadi kwenye mikono ya ekseli. Lakini beringi ikiwa imezunguka kwenye kikalio chake, au kichwa cha difu (sehemu inayobeba krauni na pinioni) kina ufa, acha kumwaga hela hapo. Tafuta kichwa kizima. Na kama hausingi imepinda kwa kuzidisha mzigo (angalia tairi zinavyolika upande wa ndani na sili zinavyovuja kila mara), kichwa kipya hakitakusaidia.

Kwenye kufunga ndiko kwenye madudu hasa. Vifuniko vya beringi za pembeni vilichongwa pamoja na kichwa chake, kwa hiyo vipigwe alama kabla ya kufunguliwa; kubadilisha kushoto kwa kulia kunabana beringi vibaya. Krauni ikiwa ngumu kuingia, ipashwe kwenye maji ya moto, nyuzi 70 hadi 80, dakika kama kumi. Nyinyi mnaichoma kwa moto wa gesi hadi ibadilike rangi! Hapo ugumu wa chuma umeshaondoka. Nati ya pinioni nayo inakazwa "mpaka mkono ukatae". Beringi za pinioni hupimwa kwa kamba na mizani ya springi, bila sili, na nguvu inayotakiwa kuizungusha pinioni ni Nm (nyutonimita) chache tu kwa mujibu wa kitabu cha gari. Ukizidisha zinaungua, ukipunguza pinioni inacheza na kula meno.

Plei ya krauni (nafasi ya kucheza kati ya meno yake na ya pinioni) inapimwa kwa daili geji, yaani saa ya kupimia, sehemu tatu au nne za mzunguko. Malori mengi huhitaji kati ya milimita 0.20 na 0.40. Kisha paka rangi meno kadhaa na uzungushe. Alama ikikaa kwenye shina la jino, pinioni imeingia mno. Ikikaa kwenye ncha, iko mbali. Hapa wengi wanakosea shimu (vipande vyembamba vya chuma vya kurekebisha nafasi): kwenye malori makubwa yenye kikombe cha pinioni (kinachoshika beringi zake), kuongeza shimu chini ya kikombe kunaitoa pinioni nje. Kwenye gari ndogo aina ya Hilux, shimu iliyo nyuma ya beringi ya kichwa cha pinioni inaisogeza ndani. Aliyejifunzia Hilux akihamia lori la Fuso bila kulijua hilo, ataharibu.

Wauzaji wa vichwa vya mtumba nao wasijifiche. Kichwa kinafanana kwa nje, bolti zinaingia, lakini uwiano (propela inazunguka mara ngapi kwa mzunguko mmoja wa krauni) siyo. Meno 41 kwa 6 ni 6.83, 37 kwa 6 ni 6.17. Wakuu, hesabuni meno kabla ya kutoa hela, na mhesabu na meno ya mwisho wa ekseli shafti pia. Kama difu bado iko kwenye gari, inua tairi la upande mmoja, gia ziwe huru, lizungushe mara mbili kamili na uhesabu propela imezunguka mara ngapi. Kwa lori la difu mbili zinazovuta ni hatari zaidi: uwiano ukitofautiana, difu ya katikati (inayogawa nguvu kati ya ekseli hizo mbili) inafanya kazi muda wote hata barabara ikiwa imenyooka, na itaungua.

Baada ya hapo oili ni ya daraja la GL-5, uzito wa 80W-90 au 85W-140 kama kitabu kinavyotaka, hadi ukingo wa tundu la kujazia gari likiwa sawasawa. Tundu la kupumulia juu ya hausingi lizibuliwe, maana likiziba presha inasukuma oili kwenye sili hadi kwenye breki.

Wenye gereji mlioko humu, jibuni: wangapi mna daili geji, na wangapi mnaandika plei na uwiano kwenye risiti ya mteja?