Mafundi wa bendera, hiyo siyo Ghana!

Wakuu, hili limezidi. Kila ikikaribia tarehe 6 Machi, siku ya uhuru wa Ghana, au Black Stars, timu yao ya taifa ya soka, wakiwa na mechi, yanamwagwa mitandaoni matambara ya nyekundu, njano na kijani yameandikwa "Ghana", na mistari imesimama wima. Hiyo ni Guinea, jamani! Nyekundu ikianzia mlingotini ni Guinea. Kijani ikianzia mlingotini ni Mali. Mali ukiipachika nyota ya kijani katikati, hiyo tayari Senegal. Ghana mistari yake imelala: nyekundu juu, dhahabu katikati, kijani chini. Ukiilaza ukasahau nyota, umepeperusha Bolivia.

Haya, na hao wanaokumbuka nyota wanaichora inaelea kama nzi kwenye maziwa. Ncha ya juu iguse nyekundu, ncha mbili za chini ziguse kijani. Basi! Chukua kitambaa cha sentimita 90 kwa 135 (uwiano ni 2 kwa 3), kila mstari unapata 30. Fundi anachomeka bikari katikati kabisa ya dhahabu, anazungusha nusukipenyo cha 15, anagawa ncha tano. Ya juu inagusa, za chini zinabaki karibu sentimita 3 kabla ya kijani, kwa sababu nyota ya ncha tano haifiki chini ya duara lake. Nusukipenyo kiwe 16.6, na sindano ya bikari ishuke sentimita 1.6 chini ya katikati. Duara litaingia kwenye kijani, liache, ni penseli tu. Nyota yenyewe haitavuka.

Halafu nani kawaambia Kwame Nkrumah, kiongozi wa uhuru wa Ghana, ndiye aliyeichora? Ni Theodosia Okoh, mama mwalimu na msanii. Nyekundu ni damu ya waliokufa wakidai uhuru, dhahabu ni madini, kijani ni misitu. Nyota nyeusi ni ukombozi wa Afrika nzima, na kabla ya hapo ilishakuwa kwenye jina la kampuni ya meli ya Marcus Garvey, mwanaharakati wa watu weusi kutoka Jamaika, Black Star Line, ya 1919. Kwa hiyo mnaoipaka njano "ing'ae" mmeifuta maana yote.

Na ile picha ya Nkrumah usiku wa uhuru, 1957, mnayoiwekea bendera yenye mstari mweupe! Nyeupe iliingia 1964 badala ya dhahabu, CPP, chama cha Nkrumah, kilipobaki chama pekee, ili bendera ifanane na rangi za chama. Nkrumah akapinduliwa Februari 1966, dhahabu ikarudi mwezi huohuo. Bendera ya miaka miwili mnaibandika kwenye siku ambayo haikuwepo.

Mnaoshona, kabla ya kupiga matundu ya kamba tazama nyota: ncha moja ndiyo iwe juu. Zikiwa mbili juu ilhali nyekundu iko juu, nyota umeishona kichwa chini. Fumua.