Aliyemaliza utarajali serikalini apewe kipaumbele kwenye usaili, au aanze sifuri na wengine?

Mtarajali Mstaafu:
Wakuu, heshima kwenu. Nimemaliza mwaka wangu wa utarajali, yaani mafunzo ya kazi baada ya chuo, kwenye halmashauri moja, idara ya fedha. Jina la halmashauri naliweka kando. Cheti nimekabidhiwa, picha ya pamoja tumepiga, nimerudi nyumbani. Haikupita muda likatoka tangazo la Afisa Hesabu Daraja la II kwenye Ajira Portal, tovuti ya maombi ya kazi za Serikali. Sifa ni shahada, uraia na umri usiozidi miaka 45. Uzoefu hautakiwi. Kwa hiyo nakaa kwenye mchujo, mtihani wa kwanza wa maandishi, na mtu ambaye hajawahi kuiona hati ya malipo, na karatasi ile ile ndiyo inayotuamua wote.

Nitoe mfano mmoja ili tusibishane hewani. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ukiiacha ndani ya faili, baada ya miezi kadhaa wino unafutika, unabaki na karatasi nyeupe. Wakaguzi wa CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, wakija, malipo hayo hayana kiambatisho, na hapo ndipo hoja ya ukaguzi inapozaliwa. Dawa yake ni kutoa nakala siku hiyo hiyo na kubana vyote viwili pamoja nyuma ya hati. Hili sikufundishwa chuoni, wala sijaliona kwenye swali lolote la mchujo. Nilifundishwa na mama mmoja wa pale ofisini, kwa kunirudishia faili zima nilirekebishe. Mengine ni hayo hayo: masurufu (fedha alizopewa mtumishi kwa kazi) yasiyorejeshwa unayafuatiliaje bila kugombana na mkuu wa idara, mkaguzi wa ndani akirudisha hati unaanzia wapi.

Serikali ndiyo iliyonipokea, ikanipa posho, ikanifundisha kazi yake yenyewe. Nikifika mlangoni inajifanya hainijui. Hoja yangu ni kwamba aliyemaliza utarajali serikalini aingie kwenye usaili na alama tano mkononi. Mnasemaje?

Bwana Mkeka:
Nusu ya watarajali ninaowaona maofisini ni simu na chai. Alama tano za nini?

Kijana wa Mchujo:
Mkuu, pole na hongera. Ila umeanza hadithi katikati. Hiyo nafasi ya utarajali uliipataje?

Usinielewe vibaya, sikutuhumu. Nafasi nyingine zinatangazwa vizuri na watu wanaomba. Lakini zipo ambazo mtu anapeleka barua kwa mkono, anaambiwa asubiri, na anayeitwa ni yule ambaye mjomba wake anapiga simu. Kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira angalau mtoto wa mkulima anakaa chumba kimoja na mtoto wa mkurugenzi, maswali ni yale yale. Ukiweka alama tano kwa waliopita utarajali, hujaiondoa koneksheni, umeisogeza nyuma hatua moja, mahali ambapo hakuna msimamizi wa mtihani.

Na Katiba haijanyamaza hapa. Ibara ya 22 inampa kila raia fursa na haki sawa, kwa masharti ya usawa, kushika nafasi ya kazi iliyo chini ya Mamlaka ya Nchi. Masharti ya usawa ni yapi kama wengine wanaingia na bonasi ambayo mlango wake haukuwa wazi kwa wote?

Mwalimu Chaki:
Kijana, hiyo Katiba unaisoma vizuri, lakini hebu njoo upande wetu. Walimu tulizoea kupangiwa vituo na TAMISEMI, wizara inayosimamia halmashauri, bila usaili. Sasa usaili umefika na kwetu. Nawajua watu waliofundisha kwa kujitolea miaka, wanalipwa na michango ya wazazi au hawalipwi kabisa, darasa la watoto zaidi ya mia, na matokeo ya watoto hao yapo. Wakaenda kwenye mchujo wakaanguka. Aliyefaulu ni aliyekuwa nyumbani anakariri.

Sisemi aliyefaulu hafai. Nasema chombo kinachopima kukariri kimepima kukariri. Bungeni suala la wanaojitolea limepigiwa kelele mara nyingi, na jibu linazunguka pale pale: ushindani wa haki. Haki kwa nani, kwa aliyeshika chaki au kwa aliyeshika daftari?

Halafu kipaumbele si kitu kigeni nchi hii. Nafasi za jeshini zikitangazwa, mara nyingi sharti ni uwe umepitia JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Hakuna anayesimama kusema Katiba imevunjwa.

Kijana wa Mchujo:
Mwalimu, JKT ina mujibu wa sheria na ina kujitolea, na inatangazwa nchi nzima. Utarajali wa halmashauri unatangazwa wapi? Mara nyingine ubao wa matangazo wa halmashauri yenyewe.

Dokta wa Zamu:
Niingie kwa upande wa afya, maana sisi utarajali si hiari. Umemaliza shahada ya udaktari, lazima ufanye mwaka mzima hospitalini ndipo Baraza la Madaktari likupe usajili kamili. Bila huo mwaka wewe si daktari wa kujitegemea, hata kama ulikuwa wa kwanza darasani.

Mambo mawili. La kwanza, wanaodhani mtarajali ni mtu wa pembeni wakumbuke mwanzoni mwa 2012. Mgomo ule mkubwa wa madaktari ulianzia kwa madaktari wa utarajali pale Muhimbili, wakidai posho zilizochelewa. Baadaye ukawa mgomo wa nchi. Wodi ilikuwa imesimama juu ya mabega ya watu ambao kwenye orodha ya watumishi hawamo.

La pili ndilo linalohusu mada. Sisi tunazunguka idara: magonjwa ya ndani, upasuaji, watoto, wanawake na uzazi. Kila idara unatembea na kitabu chako cha kumbukumbu. Umefanya upasuaji wa uzazi kama msaidizi, unaandika. Umefanya mwenyewe chini ya uangalizi, unaandika, na bingwa aliyekuwepo anasaini. Mwisho wa mwaka kitabu ndicho kinachosema, cheti kinafuata nyuma yake. Nyie wa halmashauri mnatoka na nini mkononi zaidi ya karatasi yenye tarehe mbili, ya kuanza na ya kumaliza?

Wala msidhani kitabu kinatupa ajira. Madaktari waliomaliza utarajali na wako mtaani wapo tele. Kinachopatikana ni kwamba hakuna anayeniuliza kama naweza kazi.

Mama Utumishi:
Wanangu, nimekaa upande wa pili wa meza muda mrefu, niwaambie mnayoyaruka.

Mwajiri serikalini haajiri kwa sababu amempenda mtu. Kuna ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, kuna bajeti, halafu kuna kibali kutoka Utumishi. Mtarajali anaweza kuwa hodari kuliko afisa wangu, na mimi nisiwe na nafasi hata moja ya kumpa. Vijana wengi wanaumia kwa sababu mkuu wa idara aliwaambia "tulia, tutakuangalia". Hana mamlaka hayo! Anayewaambia hivyo anataka mbaki mfanye kazi.

Alama za bure siziungi mkono. Nikikuta kwenye matokeo mtu wa 72 amepitwa na mtu wa 69 aliyepewa tano, nitakuwa na malalamiko mezani kabla jua halijazama, na huyo wa 72 nitamjibu nini? Tena hizo tano zinapewa mtarajali aliyepiga kazi na yule wa simu na chai aliyetajwa hapo juu, sawasawa, kwa kuwa vyeti vyao vinafanana neno kwa neno. Najua, kwa sababu tunavichapa kwa pamoja, tunabadilisha majina.

Mtarajali Mstaafu:
Mama, shikamoo. Umenifungulia mlango wa jambo nililokuwa nalizunguka.

Vyeti vinafanana kwa sababu kazi yetu haina mahali inapoandikwa. Mtarajali hana akaunti kwenye mfumo wa malipo, na ni sawa asiwe nayo. Lakini hati zinaingizwa na nani? Pale nilipokuwa, nilipewa nywila ya afisa, nikaingiza, akaja kuidhinisha aliye juu yake. Kwenye mfumo mimi sipo. Siku malipo yakienda akaunti isiyo yake, anayeitwa ni afisa, na mimi naitwa "yule kijana". Hilo ni hatari kwa Serikali kabla halijawa dhuluma kwangu.

Njoo kwenye PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa mtumishi uliochukua nafasi ya OPRAS. Mtumishi anajaza majukumu yake na utekelezaji wake. Kazi ya kupanga viambatisho vya robo nzima niliifanya mimi, na nimeona kwa macho yangu ikijazwa kwa jina la mwingine. Simlaumu sana, kwenye mfumo hakuna sehemu ya kuniandika hata angetaka. Matokeo yake ofisi inaonekana inajitosheleza, ikama inaonekana haina pengo, na kibali cha kuongeza watu kinakosa hoja. Watarajali tunaziba pengo ambalo lingetuajiri.

Kwa hiyo hoja yangu naiweka hivi. Mchujo ubaki kama ulivyo, wote sawa, bila alama za mtu. Kwenye mahojiano ya ana kwa ana au usaili wa vitendo, ndipo kitabu cha kazi kiwekwe mezani kama cha Dokta: nilifanya nini, lini, nani alisimamia. Aliyekuwa anakunywa chai kitabu chake kitakuwa cheupe. Na jopo limuulize kilichomo, hapo alama zitatoka zenyewe.

Bwana Mkeka:
Hapo sasa. Ila vitabu vitajazwa vyote usiku mmoja kabla ya kumaliza, na kalamu moja. Tunajuana.

Dokta wa Zamu:
Hata kwetu wapo wanaojaribu. Kinachosaidia ni kwamba anayesaini ana namba yake ya usajili, na akisaini uongo ni leseni yake inayoning'inia. Afisa wa halmashauri akisaini uongo anapoteza nini?

Mama Utumishi:
Kwa sasa hapotezi kitu, na ndiyo maana anasaini bila kusoma. Ila kulea watarajali kungeweza kuwekwa kwenye majukumu yake ya mwaka, yakapimwa kama mengine. Leo mtumishi anayekaa chini na kijana kumwelekeza anaonekana amechelewesha kazi zake. Yule mama wa risiti unayemtaja, mwanangu, nina hakika hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba alikufundisha.

Mwalimu Chaki:
Na kwetu kitabu kipo tayari, tena miaka yote. Azimio la kazi, andalio la somo, vyote vinasainiwa na mwalimu mkuu. Jopo halijawahi kuviomba.

Binti wa Stashahada:
Nawasoma tangu juu na nimenyamaza. Jamani mnaongea kama kila mtu anaweza kufika kwenye hicho kitabu.

Mimi nilichaguliwa. Kituo kilikuwa mkoa mwingine, posho 150,000 kwa mwezi, na nikaambiwa mapema na waliotangulia kwamba inaweza kukaa miezi bila kuingia. Kima cha chini cha mtumishi wa umma tangu Julai 2025 ni 500,000, na wote tunajua hata huyo mtumishi analia. Nilipiga hesabu ya chumba, nauli na kula. Nyumbani hawana cha kunituma, tena wao ndio wanaosubiri nitume. Sikwenda. Aliyechukua nafasi yangu ana shangazi mji ule ule, anakula na kulala bure.

Kwa hiyo Kaka Mstaafu, alama tano au kitabu, kwangu ni mlango ule ule uliofungwa. Kijana wa Mchujo amesema koneksheni, mimi naongeza hela. Mtu anaweza kupata utarajali kwa haki kabisa na ashindwe kuufanya.

Mtarajali Mstaafu:
Dada, hilo sina cha kubisha, maana mimi mwenyewe nililala kwa kaka yangu mwaka wote. Bila yeye ningerudi mwezi wa pili. Sasa niambie wewe, ungepangiwa wapi na kwa masharti gani ungeenda?

Binti wa Stashahada:
Wilaya ninayoishi. Ofisi za Serikali zipo kila wilaya, kuna zahanati, kuna kata, kuna shule zinazopokea fedha na zinahitaji mtu wa hesabu. Mtu apangwe anakoishi kwanza, mkoa mwingine iwe kwa anayetaka. Na posho isikae kwenye makusanyo ya ndani ya halmashauri, kwa sababu mapato yakishuka wa kwanza kukatwa ni mtarajali. Hayo mawili yakifanyika, hicho kitabu chenu nitakijaza na mahojiano nitakuja nacho. Yasipofanyika, mimi nabaki na mchujo, na naomba msiuguse.

Mama Utumishi:
La kupanga watu wilaya wanazoishi linawezekana hata kesho, halihitaji kibali cha mtu. La posho ni la Hazina, na bajeti ya kila halmashauri inaanza kuandaliwa mapema kuliko mnavyofikiri. Wenye madiwani wenu wanaowasikiliza, hilo ndilo la kuwapelekea, na mpeleke kabla rasimu haijafungwa.